Mashine za betri shambani: betri inakufikisha wapi, na wapi inakuacha

Maduka ya zana ya Darajani na Chake Chake, hapa Zanzibar, siku hizi yana drili, mashine ya kufyekea, kimsumeno cha mnyororo, mkasi wa kupogolea na bomba la dawa, vyote vya betri, na muuzaji huanza na volti. Volti hazikuambii utafika mti wa ngapi kabla mashine haijazimika. Kinachokuambia ni wati-saa, na hesabu yake ni nyepesi: zidisha volti kwa ampea-saa, ile namba yenye herufi Ah ubavuni mwa betri. Betri ya volti 18 na Ah 5 ina wati-saa 90. Ya volti 18 na Ah 2 ina 36. Ya volti 12 na Ah 2 ina 24 tu. Kutaja Ah bila volti ni sawa na kutaja idadi ya pishi bila kusema ni pishi za karafuu au za makonyo (vile vikonyo vyake).

Usibabaishwe na 18, 20 na 21. Ni betri ile ile. Ndani mna seli (vibetri vidogo) tano zilizofuatana, kila moja ina volti 3.6 kwa wastani na 4.2 ikiwa imejaa pomoni. Tano mara 3.6 ni 18, tano mara 4.2 ni 21, na 20 ni namba ya biashara iliyokaa katikati. Ukiona 48V, 88V au 98VF kwenye betri inayoenea kiganjani, hayo ni mapambo ya kibandiko.

Sasa linganisha na petroli ili ujue unaingia wapi. Lita moja ya petroli ina takriban wati-saa 9,000, na injini ndogo ya kufyekea inageuza kuwa kazi kama sehemu moja kwa tano, mara nyingi chini ya hapo. Mota ya umeme haipotezi kiasi hicho, hata hivyo betri ya wati-saa 90 haikupi kazi zaidi ya wati-saa 70 hadi 75 kwenye ncha ya mashine. Kwa hiyo lita moja ya petroli ni sawa na betri 20 hadi 25 hivi za Ah 5. Anayekwambia mashine ya betri itafyeka eka nzima kwa betri mbili hajapiga hesabu hiyo, au anataka kuuza.

Betri inashinda mahali pengine: kazi za kugusa na kuachia. Mkasi wa kupogolea unakula umeme ule muda tu unapofunga meno. Drili inafunga skrubu kwa sekunde tatu, halafu inapumzika wakati wewe unatafuta skrubu nyingine. Kazi za namna hii betri ndogo inakwenda nazo nusu siku au siku nzima. Kazi ambazo mota inazunguka mfululizo chini ya mzigo, kama kufyeka, kukata magogo na kusaga chuma, zinamaliza betri kwa dakika.

Kupata dakika hizo, gawa wati-saa za betri kwa wati zinazoliwa na mashine, kisha zidisha kwa 60. Mashine ya kufyekea ya volti 18 ikiwa kwenye majani ya wastani inakula wati 300 hadi 500. Shika 400: 90 gawa kwa 400 mara 60 ni dakika 13 na nusu. Msumeno wa mnyororo ukiwa ndani ya mti unakula 500 hadi 800, hivyo betri hiyo hiyo ni dakika 7 hadi 10 za kukata hasa. Grinda ikikandamizwa inakaribia hapo hapo. Pampu ya bomba la dawa inakula kama 30 hadi 40, na hiyo ni zaidi ya saa mbili.

Kufyeka chini ya mikarafuu

Kazi hii ndiyo inayowafanya wengi wanunue mashine, kwa sababu kabla ya uchumaji chini ya mti panatakiwa pawe peupe ili vishada vinavyoanguka vionekane. Tupige hesabu ya eka moja. Eka ina mita za mraba 4,047. Miti ikiwa mita 9 kwa 9, ni miti 50. Ukifyeka eka nzima kwa mwendo wa mita za mraba 8 kwa dakika, unahitaji zaidi ya saa nane za mota kuzunguka, yaani betri za Ah 5 zaidi ya 35. Hapo mwite mwenye mashine ya petroli, au vijana na mapanga.

Lakini ukifyeka duara tu la kila mti, lenye mita 2 kutoka kwenye shina, duara moja ni mita za mraba 12 na nusu, na miti 50 ni mita za mraba 630. Kwa mwendo ule ule ni dakika 79, yaani betri 6 za Ah 5. Ukiwa nazo mbili, kwa kufyeka asubuhi na kuchaji mchana, shamba linakwisha kwa siku tatu bila kujichosha. Mwendo wa mita za mraba 8 kwa dakika ni kadirio la majani laini yaliyofika magotini. Magugu ya masika yaliyoachwa mpaka kiunoni yatakupa nusu yake. Usitegemee kadirio la mtu mwingine: weka saa ya simu, fyeka miti mitatu kwa betri iliyojaa, uone kilichobaki kwenye taa za betri, ndipo upange siku yako.

Namna ya kufyeka inabadilisha hesabu hii kuliko aina ya mashine:

1. Pita kwanza na panga. Kila kijiti kinene kuliko kidole kikate kwa mkono na ukitoe. Nailoni (ule uzi wa kukatia) ikipiga kijiti haikikati, inakwama, na pale mota inapolazimishwa kuzunguka huku imekwama ndipo betri inapochemka.

2. Tia nailoni ya mm 1.6 au 2.0 kama kitabu cha mashine kinavyosema. Ya mm 2.4 ni ya mashine za petroli. Kwenye ya betri inaongeza mzigo bila faida. Kikinga chenye kile kisu kidogo cha kupunguzia nailoni usikitoe. Watu hukitoa ili nailoni iwe ndefu na duara liwe pana, na hapo hapo dakika za betri zinapungua.

3. Majani marefu yakate mara mbili, juu kwanza halafu chini. Ukianzia chini yanaangukia kichwa cha mashine na kujizungusha. Yakijizungusha, zima mashine, toa betri, ndipo uyanyofoe. Kuzima peke yake hakutoshi, maana kidole kikigusa kifyatulio kichwa kinaamka.

4. Kifyatulio kibonyeze nusu pale majani ni laini. Si lazima mashine ilie kwa nguvu zote muda wote.

5. Acha shibiri moja kuzunguka shina, hapo ng'olea kwa mkono. Nailoni inachubua gome la mche kwa sekunde moja, na mche uliochubuliwa kuuzunguka hufa. Usikwangue udongo pia: mizizi ya mkarafuu inayolisha mti iko juu juu.

Umande ukiwa mzito majani yanakuwa mazito na betri inakwisha mapema. Jua likipanda, betri inapata moto mapema. Wakati mzuri ni kuanzia kama saa 2 hadi saa 4 asubuhi, halafu tena baada ya alasiri. Vaa miwani na viatu vya kufunika vidole, na watoto wasiwe karibu ya mita 15. Kwenye ardhi ya maweni, kama sehemu nyingi za Micheweni au Makunduchi, usifunge kisu cha chuma kabisa: kisu kikigonga jiwe, kipande kinaruka na mashine inakupiga teke.

Msumeno wa mnyororo

Vimsumeno vya inchi 4 hadi 6 vinavyoshikwa kwa mkono mmoja vimejaa madukani, na kwa kupogoa matawi ya unene wa kifundo cha mkono vinafaa sana. Msumeno wa volti 18 wenye bamba (ule ulimi ambao mnyororo unauzunguka) la inchi 10 unafanya kuni na matawi ya hadi sentimita 15 bila taabu. Kuangusha mnazi si kazi yake. Ganda la nje la gogo la mnazi ni gumu kuliko kiini, linaua meno ya mnyororo upesi, na betri itaishia katikati ya mkato mti ukiwa umesimama nusu. Mti uliokatwa nusu ndio hatari kubwa kuliko zote shambani.

Kabla ya kuufikiria mti wowote wa kudumu, ukataji unataka kibali cha Idara ya Misitu, na mkarafuu ndio usiseme. Kuwa na msumeno wa betri usiopiga kelele hakubadilishi hilo. Anza kwa sheha.

Kaza mnyororo namna hii: toa betri, vaa glavu, shika mnyororo katikati ya bamba upande wa juu na uuvute. Unyanyuke mm 2 hadi 3, kisha urudi wenyewe, na uweze kuzungushwa kwa mkono bila kukwama. Ukilegea zaidi utatoka kwenye bamba; ukikazwa zaidi unakula betri bure na kumaliza bamba. Mnyororo mpya hulegea ndani ya dakika za mwanzo, kwa hiyo ukague tena baada ya mikato mitano sita.

Vimsumeno vingi vidogo havina pampu ya oili. Vinavyokosa pampu vinataka matone kwa mkono kila baada ya dakika mbili tatu za kukata: matone manne au matano kwenye mfereji wa bamba. Tumia oili ya mnyororo, au oili safi ya injini ya namba 30. Oili chafu iliyotolewa kwenye gari ina vumbi la chuma, nayo inafanya kazi ya msasa.

Ukitaka kujua kama meno ni makali, angalia kinachotoka. Mnyororo mkali unatoa vipande vinavyoonekana, vya umbo la maganda madogo. Mnyororo butu unatoa unga, unakulazimisha kukandamiza, moshi unafuka, na betri iliyokuwa inakata matawi 40 inakata 15. Wengi hununua betri nyingine wakati walihitaji tupa ya duara ya mm 4. Noa kila jino kwa kusukuma mara mbili au tatu, mwelekeo mmoja kutoka ndani kwenda nje, kwa pembe ya nyuzi 30 kama alama iliyochorwa juu ya jino, na idadi iwe ile ile kwa meno yote. Ukizidisha upande mmoja, msumeno utakata kwa kupinda.

Drili, grinda na bomba la dawa

Drili ya volti 18 inatosha kujenga banda la kuku au zizi. Kwa nguzo za mvinje toboa kwanza: skrubu ya mm 5 ianzie kwenye tundu la mm 3. Bila tundu, skrubu inakatika kichwa au nguzo inapasuka, na betri inaliwa mara mbili. Ukifunga keekee ya kutobolea udongo ili kupandia miche, baki kwenye upana wa sentimita 4 hadi 7, gia namba 1, mpini wa pembeni ukiwa umefungwa. Ikikwama kwenye mzizi, drili inajizungusha yenyewe na kuvunja kifundo cha mkono. Kwenye maweni usijaribu.

Grinda ya betri kwa kunolea mapanga na majembe ni nzuri kama utagusa na kuachia. Makali yakigeuka rangi ya buluu umeshayachoma, na chuma hapo kimelainika.

Bomba la lita 16 linahitaji tahadhari ya aina nyingine, maana mengi yana betri ya maji ya asidi iliyofungwa, volti 12 na Ah 8, wala si lithiamu kama za zana nyingine hizi. Tabia zake ni kinyume. Betri ya asidi inataka kujazwa siku hiyo hiyo ulipoitumia, na kuhifadhiwa ikiwa imejaa. Ukiiweka tupu wiki mbili tatu, sahani za ndani zinaota ukoko na haitarudi tena kwenye uwezo wake. Betri ya lithiamu haipendi kuwekwa tupu, wala haipendi kuwekwa imejaa kwa miezi. Angalia kibandiko kabla ya kufuata ushauri wa mtu. Ukimaliza kunyunyiza, tia maji safi lita mbili na uendeshe pampu mpaka yaishe. Dawa iliyokauka kwenye chujio inailazimisha pampu kufanya kazi zaidi, na wewe utadhani betri imechoka.

Kumkamata muuzaji wa betri bandia

Betri yenye kibandiko cha Ah 10 au 12 kwa bei ya Ah 2 ipo kila mahali, na huna haja ya kuifungua ili kuijua.

Ipime uzito kwanza, hata kwa mzani wa duka la viungo. Seli ya kawaida ya mashine hizi, yenye upana wa mm 18 na urefu wa mm 65, ina uzito wa gramu 45 hadi 48, na zile zinazohimili mzigo mkubwa huwa na Ah 2 hadi 3 kila moja. Betri ya seli tano hufika gramu 350 hadi 400 pamoja na kasha lake, na haiwezi kukupa zaidi ya Ah 3. Ya seli kumi, mistari miwili ya tano tano, hufika gramu 600 na ushei, na mwisho wake ni Ah 5 au 6. Ah 8 hadi 10 zinahitaji seli kumi za aina nene zaidi, za gramu 70 hivi kila moja, na betri nzima inakaribia kilo moja. Kwa hiyo betri ya gramu 380 iliyoandikwa Ah 10 imeshajieleza.

Kipimo cha pili ni saa ya kuchaji. Itumie betri mpaka mashine ijizime, iache ipoe, kisha ichaji na uandike muda. Soma chaja: kama imeandikwa kutoa 21V na 2A, betri ya Ah 5 lazima ichukue saa mbili na nusu, kwa kawaida karibu tatu. Taa ikigeuka kijani baada ya dakika 50, haikuingia hata Ah 2. Chaja ikiwa dhaifu kuliko ilivyoandikwa, muda utarefuka na betri itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Kwa hiyo kipimo hiki kinamkamata mwongo, hakimtakasi.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua seli kumi hata kama kazi yako ni fupi. Mashine inayokula wati 400 kwa volti 18 inavuta ampea 22. Kwenye betri ya seli tano, kila seli inabeba ampea 22 zote, na kwa seli nyingi hapo ni ukingoni. Kwenye betri ya seli kumi mizigo inagawanyika, ampea 11 kila mstari. Ndiyo maana betri ndogo ya Ah 2 kwenye mashine ya kufyekea inazima baada ya dakika nne na ni ya moto, wakati kwenye drili inakaa siku. Betri ndogo ziache kwenye drili na mkasi.

Na vile viunganishi vya kutumia betri ya kampuni moja kwenye mashine ya nyingine? Vinafanya kazi, ila mashine nyingi ndizo zinazozima umeme betri inapokaribia kwisha, na ukipitia kiunganishi ulinzi huo mara nyingi haupo. Ukitumia, acha mara tu nguvu inapopungua.

Kuchaji: joto, umeme na sola

Betri iliyotoka kufyeka ina joto la nyuzi 50 na zaidi. Seli za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa juu ya nyuzi 45. Chaja nzuri inakataa na kuwasha taa ya kusubiri. Chaja rahisi haijui, inajaza tu, na kila ukifanya hivyo unapunguza umri wa betri. Itoe kwenye mashine, iweke kivulini penye upepo kwa nusu saa. Usiitie kwenye friji wala kuimwagia maji: unyevu unaingia kwenye vituo vya shaba, pale betri inapogusana na mashine. Na usiiache kwenye gari, wala juu ya dari chini ya bati, hasa kaskazi ya Januari na Februari.

Soma maandishi ya chaja kabla ya kuichomeka. Umeme wetu ni volti 230. Chaja iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani inaweza kuwa ya volti 120 pekee, na ya zana za mtumba kutoka Japan ni ya volti 100. Ukizichomeka ukutani zinaungua pale pale. Iliyoandikwa 100–240V haina tatizo, na pia inavumilia umeme ukishuka jioni, ule wakati wa futari kila nyumba imewasha kila kitu. Umeme ukikatika chomoa chaja, na ukirudi ngoja dakika tano.

Chaji juu ya sakafu ya saruji, mbali na mkeka, godoro na makuti, ukiwa macho. Hili ni la lazima kwa chaja ambazo hazikuja na betri yake.

Kwa sola, betri ya wati-saa 90 itavuta kama 120 hadi 130 kutoka kwenye betri kubwa, kwa sababu invata (inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani) na chaja zote mbili zinapoteza. Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri inakupa wati-saa 350 hadi 400 kwa siku: betri tatu, si zaidi, na hapo hujawasha taa. Siku za masika zenye wingu zito hesabu moja. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, lakini usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600 za kutumia. Invata ya wati 300 inatosha kwa chaja ya kawaida. Ile ya kasi inaweza kuizimisha. Chukua invata inayotoa wimbi safi (pure sine wave). Wimbi la kukatakata linachemsha baadhi ya chaja.

Kama betri inaletwa kwa ndege, ile ya hadi wati-saa 100 inaruhusiwa kwenye mkoba wa mkononi, wala haiendi kwenye mzigo wa chini. Ya volti 18 na Ah 6 ni wati-saa 108, na hiyo inataka idhini ya shirika la ndege kabla ya safari. Vituo vyote vifunikwe kwa utepe.

Chumvi, mvua na kuhifadhi

Upepo wa pwani unaleta chumvi hata mahali usipoisikia bahari. Angalia vituo vya betri kila mwezi: vikianza kuwa na ukungu wa kijani, umeme unapita kwa shida, kituo kinapata moto na plastiki yake inayeyuka. Futa kwa pamba yenye spiriti, au mswaki mkavu. Msasa usitumie, unatoa utando unaozuia kutu na mwezi ujao itakuwa mbaya zaidi. Kama ulikuwa na mashine karibu na mwani au uliibeba kwenye ngalawa, ifute kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo kwa maji yasiyo ya chumvi, kisha kikavu, betri ikiwa imetolewa.

Betri iliyoanguka baharini usiichaji tena, hata ikikauka na kuonekana nzima. Maji ya chumvi yanabaki ndani na kuunganisha seli polepole. Iweke nje, mbali na nyumba, juu ya mchanga.

Msimu ukiisha, ihifadhi ikiwa nusu, taa mbili kati ya nne, nje ya mashine, kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Ichaji kidogo kila baada ya miezi mitatu. Betri iliyowekwa tupu inaendelea kujila, na seli zikishuka chini ya volti 2 chaja inaikataa kwa taa nyekundu ya kupepesa. Hapo ndipo fundi anapojitolea kuiamsha kwa waya mbili kutoka betri nyingine. Mkatalie. Seli iliyoshuka kiasi hicho imeharibika ndani, ikilazimishwa inaweza kujaa na kufanya kazi wiki moja, halafu ikawaka ikiwa kwenye chaja.

Ikivimba, ikinuka kama rangi ya kucha, au ikibaki moto saa nzima baada ya kutolewa, iondoe nyumbani. Ikiwaka, moshi wake ni sumu: toa watu kwanza, kisha mwaga maji mengi ukiwa mbali, upande upepo unakotoka, maana ndoo moja haiipoozi na seli zinaweza kuwaka tena baada ya kuzimika.

Kwa matumizi mazuri tegemea kujaza mara 300 hadi 500 kabla uwezo haujashuka sana. Iliyokwisha isitupwe kwenye shimo la taka wala kuchomwa pamoja na majani. Bandika utepe kwenye vituo, iweke kwenye kopo lenye mchanga mkavu, na uirudishe dukani au kwa fundi anayepima seli moja moja. Mara nyingi ni seli moja au mbili zilizokufa, na zilizobaki bado zinafaa kwa tochi.